Uzamili wa uuguzi bingwa: swali la utafiti litoke wadini

Mwaka wa kwanza wa uzamili wa uuguzi hupita. Kuna takwimu, epidemiolojia, mbinu za utafiti, patofisiolojia, famakolojia na upimaji wa mgonjwa kwa kina. Mtu anakesha, anafanya mitihani, anasonga mbele. Mwaka wa pili ndio unaomeza watu. Waulize wauguzi waliokwama mwaka wa nne kwenye shahada ya miaka 2, na ni wachache watakaotaja mtihani. Watakutajia barua: ya kamati ya maadili ya utafiti, ya hospitali, ya msimamizi ambaye bado ameikalia sura ya tatu ya tasnifu. Na chini ya barua hizo mara nyingi pana swali la utafiti lililochaguliwa kwa pupa, kubwa kuliko mfuko na muda wa mwanafunzi.

Kwanza tuelewane kuhusu jina lenyewe. Muuguzi bingwa wa kliniki ni wazo lililokomaa Marekani, ambako mwaka 1954 Hildegard Peplau alianzisha katika Chuo cha Rutgers mpango wa kwanza wa uzamili wa kumwandaa bingwa wa uuguzi wa magonjwa ya akili. Mwongozo wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi wa mwaka 2020 unaitaja shahada ya uzamili kuwa kiwango cha chini cha kuingilia kazi hiyo. Huku kwetu Kenya mtu akisikia "bingwa" humfikiria mwenzetu aliyesoma stashahada ya juu ya wagonjwa mahututi (ICU) au figo, na kweli huyo ni fundi: mpe mashine ya kusafisha damu na mgonjwa, naye atakutulizia vyote viwili. Bingwa wa uzamili anatarajiwa kushika mambo matatu kwa pamoja: mgonjwa, wauguzi wenzake, na mfumo wa hospitali. Swali lake ni mbona wadi nzima inafanya jambo fulani hivi, na lingefanywaje vingine. Anayetaka tu kupanda cheo apime tena, maana cheo hungoja nafasi itangazwe na bajeti iwepo. Cheti hakiharakishi hayo.

Kuhusu chuo, angalia ramani kabla ya kuangalia karo. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundishia uuguzi pale pale Hospitali ya Taifa ya Kenyatta (KNH), kwa hivyo anayefanya kazi Upper Hill au Mbagathi anatoka zamu na kuingia darasani. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Thika Road, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kiko Juja, nje kabisa ya jiji. Anayelala Rongai na kufanya kazi katikati ya jiji asijidanganye kwamba atafika Juja kila jioni, foleni itamfundisha. Uliza pia mazoezi ya kliniki yatafanyiwa hospitali gani, kwa sababu hapo ndipo utakapokuwa siku nyingi zaidi kuliko darasani.

Stakabadhi za maombi hazina siri: shahada ya kwanza ya uuguzi na nakala ya matokeo, cheti cha usajili cha Baraza la Wauguzi, leseni ambayo haijaisha muda, wadhamini wawili (referees), na kwa vyuo vingi uzoefu wa miaka kadhaa wadini. Mwenye diploma ya muuguzi aliyesajiliwa (KRN) peke yake hana budi kupandisha hadi shahada kwanza. Kinachowaangusha watu hapa ni leseni iliyokwisha muda na jina lisilolingana: cheti cha chuo kina majina matatu, kitambulisho kina mawili, leseni ina la mume. Rekebisha kwa hati ya kiapo kabla ya kutuma, la sivyo utazungushwa.

Likizo ya masomo ina uzito zaidi. Mwajiriwa wa kaunti au wa hospitali ya taifa hupitia kamati ya mafunzo ya mwajiri, na ukipewa likizo yenye mshahara utatia sahihi mkataba wa kurudi kutumikia miaka kadhaa. Soma mkataba huo mstari kwa mstari, hasa kifungu cha kulipa gharama ukiondoka mapema. Na ruhusa iwe kwa maandishi. Ile ya mdomo, "wewe nenda tu, tutapanga," hufa siku sista msimamizi akihamishwa. Anayekosa likizo huomba apangiwe naiti ili mchana asome. Mpango huo unaenda kwa darasa la jioni, ila kwa mazoezi ya kliniki hauendi: mtu anakabidhi wagonjwa saa moja na nusu asubuhi, na saa mbili anatakiwa awe wadi nyingine, macho makavu, akieleza tafsiri ya gesi za damu. Wiki mbili anaweza. Mwezi wa pili anaanza kukosea dozi. Afadhali kulimbikiza likizo ya mwaka na kuitumia kwenye miezi ya kliniki.

Sasa swali la utafiti. Maktaba za vyuo vyetu zimejaa tasnifu za "maarifa, mitazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu" jambo fulani. Ni rahisi kuandika na hazibadilishi kitu, kwa sababu muuguzi aliyejaza hojaji kwamba ananawa mikono kila mara ni huyo huyo aliyepita vitanda vitatu bila kunawa. Swali zuri ni dogo, linapimika, na unalikuta kazini.

Chukua mfano wa ICU. Mgonjwa yuko kwenye ventileta, mashine ya kumsaidia kupumua, mrija wa kupumulia umepita kooni, na ndani kabisa kuna kafu, puto dogo linaloziba nafasi kati ya mrija na ukuta wa koo. Shinikizo lake linatakiwa liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likishuka chini ya 20, mate na majimaji yanayokusanyika juu ya kafu huchuruzika hadi mapafuni, na hapo nimonia ina mlango. Likipita 30, damu haifiki vizuri kwenye ngozi laini ya koo na kidonda kinaanza. Wadi nyingi hukadiria kwa vidole: muuguzi anaminya kile kiputo cha nje kilichounganishwa na kafu, anasema "iko sawa," anaendelea. Kidole hakijui tofauti ya 25 na 50. Manomita, kipima shinikizo kidogo cha mkononi, inajua.

Hapo una tasnifu: katika ICU moja, kwa miezi mitatu, shinikizo la kafu liko ndani ya kiwango mara ngapi, na linabadilikaje ukileta upimaji wa manomita kila zamu? Ni swali la bingwa kwa sababu linamgusa mgonjwa, linabadilisha mkono wa muuguzi, na linamlazimu mkuu wa wadi kununua kifaa.

Tazama pia mitego iliyomo, maana wakaguzi wa tasnifu wataitafuta. Kwanza, kila unapochomeka manomita hewa kidogo hutoka, kwa hivyo kipimo chenyewe hushusha shinikizo; utaratibu wako useme kwamba utarekebisha kabla ya kuchomoa. Pili, mgonjwa akigeuzwa au akikohoa shinikizo hubadilika, basi andika kama amegeuzwa karibuni. Tatu, na hapa ndipo wengi huanguka, vipimo 300 kutoka kwa wagonjwa 30 si wagonjwa 300. Vipimo vya mtu mmoja vinafanana, na ukivichambua kana kwamba kila kimoja kinajitegemea utapata matokeo yenye uhakika wa uongo. Mwambie mtakwimu mapema, kabla hujakusanya. Nne, kamati ya maadili itauliza: ukikuta kafu iko 60, utafanya nini? Huwezi kuandika namba na kuondoka. Itifaki iseme kwamba utamwita muuguzi wa zamu na irekebishwe papo hapo, kisha ueleze jinsi utakavyolihesabu tukio hilo.

Kitu kingine ni kwamba watu wakijua wanaangaliwa hujirekebisha. Acha nje ya uchambuzi data ya siku chache za mwanzo mpaka wazoee kukuona, na pima usiku na wikendi pia. Data ya Jumatatu hadi Ijumaa mchana inasimulia hospitali ambayo haipo.

Kwa anayeng'ang'ania hojaji, hesabu ya sampuli ifanywe sawasawa. Fomula ya Fisher yenye uwiano wa asilimia 50 na kosa la asilimia 5 inatoa 384, na wanafunzi huiandika namba hiyo hata pale wauguzi wote wa idara ni 120. Hapo inatakiwa marekebisho ya idadi ndogo: 384 igawanywe kwa 1 jumlisha 383 juu ya 120, inakuwa 92. Ongeza asilimia 10 ya wasiojibu, unafika kama 102. Ukifika 102 kati ya 120, wape wote fomu na uachane na kuchagua sampuli.

Vibali hufuatana, na kuvipindua ni kupoteza miezi. Idara ya chuo ipitishe pendekezo lako, kisha kamati ya maadili; KNH na Chuo Kikuu cha Nairobi wana kamati moja ya pamoja. Ukiwa na barua ya maadili unaomba mtandaoni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kulipa ada yake. Halafu ruhusa ya mahali utakapokusanya data. Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki ni hospitali za kaunti, kwa hivyo barua ya idara ya afya ya kaunti hutangulia ya hospitali. Mwisho kabisa ni mkuu wa wadi, na usimruke. Barua ina mihuri minne lakini yeye ndiye anayekufungulia kabati la faili. Kibali cha maadili huwa na mwisho, kawaida mwaka mmoja, na data iliyokusanywa siku moja baada ya tarehe hiyo ni matatizo.

Kamati hurudisha mapendekezo kwa mambo madogo: fomu ya ridhaa haina Kiswahili, au haielezi nani ataridhia kwa niaba ya mgonjwa asiyejitambua, au huonyeshi data itahifadhiwa wapi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti. Usipige picha faili za wagonjwa kwa simu. Tumia namba za siri badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na majina ikae mahali pengine, imefungwa.

Daftari la mazoezi ya kliniki lisainiwe siku hiyo hiyo. Anayengoja mwisho wa mzunguko humkuta mkufunzi yuko likizo au amehamia Mombasa, na saa zake hazina shahidi.

Katika bajeti, nje ya karo, tenga ya kamati ya maadili, mtakwimu, bando la intaneti, uchapishaji, kujalidi, na ada ya jarida, kwa kuwa vyuo vingi vinataka makala moja iwe imechapishwa au kukubaliwa kabla ya kuhitimu. Jarida linalokubali makala kwa siku tatu na kudai dola papo hapo liogope. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hutoa mikopo ya uzamili pia, iombe mapema.

Utetezi wa tasnifu ukiisha, marekebisho ya wakaguzi yafanye kwa jedwali la safu tatu: alichosema, ulichobadilisha, ukurasa. Msimamizi atasaini haraka zaidi. Baada ya kuhitimu, peleka cheti na nakala ya matokeo Baraza la Wauguzi sifa hiyo iingizwe kwenye rekodi yako, kisha idara ya rasilimali watu kazini, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na ile manomita, kama ulinunua kwa pesa zako, iandikishe kwenye orodha ya vifaa vya wadi kabla haijapotelea mfukoni mwa mtu.