Swali nililomuuliza Zawadi

"Zawadi, huko kwenu mna upele?"

Nimeyaandika maneno yalivyotoka, kwa sababu tangu Jumamosi ile najaribu kuyakumbuka yakiwa laini zaidi na hayakubali. Sikusema "pole, unawashwa?" Sikusema "njoo nikuone." Nilikuwa mlangoni na beseni la nguo, Zawadi, binti wetu wa kazi, yuko bombani anaosha vyombo, akasita kidogo kujikuna kiunoni, nami nikauliza hivyo, kwa sauti ambayo jirani aliisikia.

"Hapana, mama. Nimeanza kuwashwa hapahapa."

"Usinibishie."

Akainama, akaendelea na sufuria.

Wiki hii mdogo wangu kajifungua mapacha kule Tanga, na barua yangu ya kupanda daraja imetoka baada ya miaka mitatu ya kufuatilia. Hayo nitayaandika nikipata utulivu.

Vile vipele vya mwanangu Neema mnavikumbuka. Niliviandika hapa mwisho wa Julai, vilipoanza kuzunguka kitovu, nikasema ni sabuni mpya. Mama mkwe akasema ni samaki, tukaacha dagaa wiki mbili, na mtoto anavyopenda dagaa. Mwalimu wake akadhani tetekuwanga. Wifi akaleta majani ya mwarobaini, tukawa tunachemsha na kumwogesha asubuhi na jioni. Kisha nikauziwa dukani tyubu ya dawa ya kupaka, ile inayosemekana inatibu fangasi, bakteria na mzio kwa mpigo. Siku ya nne wekundu ulipungua, nikamshukuru Mungu. Siku ya kumi vipele vilirudi kwa wingi na kushuka hadi mapajani. Sasa najua kwamba ndani ya tyubu ile mlikuwa na steroidi: ngozi inatulia, inaacha kulalamika, na wadudu wanaendelea kuchimba na kuzaana.

Mchana Neema alikuwa anacheza kama kawaida. Ikifika saa nne usiku, blanketi likishashika joto, anaanza kulia huku anajikuna mpaka damu. Nimekesha naye mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini iwe usiku.

Jumanne ndipo tukafika kwa yule afisa tabibu wa ngozi aliyesomea hospitali ya KCMC, Moshi. Kabla hajamvua mtoto nguo aliuliza mambo mawili: anawashwa zaidi saa ngapi, na nani mwingine nyumbani anajikuna. La kwanza nikajibu usiku. La pili nikajibu, "Binti wa kazi." Nililitoa haraka, kama niliyekuwa nalisubiri.

Akawasha tochi, akashika kioo cha kukuzia, akatazama katikati ya vidole vya Neema, kisha akaniita nione. Kamstari kembamba ka kijivu, kamepinda, urefu kama punje ya mchele. Ndimo jike linamochimba na kutaga mayai, mawili au matatu kwa siku. Upele wenyewe, ule wa wadudu. Nilikuwa bado nimeinama pale aliposema, "Na mikono yako, mama."

Kifundo cha mkono wangu wa kushoto kimekuwa kikiniwasha tangu katikati ya Agosti. Nilidhani ni mkanda wa saa, nikaihamishia saa mkono wa kulia. Nimejikuna chini ya meza ofisini wiki nzima, na nilipoulizwa nani mwingine anajikuna, jina langu halikunijia.

Akaniuliza binti alikuja lini. Nikasema wiki moja baada ya Sabasaba. Akaniuliza mtoto alianza lini. Nikataja tarehe, naye akanieleza taratibu: mtu ambaye hajawahi kuupata hukaa wiki 4 hadi 6 tangu wadudu waingie ndipo mwili uanze kuwasha. Muda wote huo anaweza kuambukiza wengine na hana habari. Neema alianza siku kumi tu baada ya Zawadi kufika. Zawadi ameanza mwisho wa Agosti, wiki ya sita tangu aanze kulala kitanda kimoja na Neema. Yeye ndiye aliyeingia kwangu na ngozi safi.

"Nimeanza kuwashwa hapahapa." Alikuwa amenipa jibu la daktari, pale bombani, bure.

Aliyekuja nao ni Baraka, mwanangu mkubwa anayesoma bweni, likizo ya Juni, alipolala godoro moja na mdogo wake. Nimempata kwa simu ya matroni. "Bweni zima tunajikuna tangu Mei, mama. Niliona aibu kukwambia." Ana miaka 14 na tayari anajua kwamba upele ni tusi. Alijifunzia wapi kama si kwetu sisi wakubwa? Tabibu alisema mtu anaweza kuoga mara tatu kwa siku na akaupata, kwa kuwa unapita ngozi kwa ngozi, kwa kulala pamoja na kushikana, na wadudu 10 hadi 15 mwili mzima wanatosha kumnyima mtu usingizi.

Jumatano jioni tulijipaka BBE, dawa ya maji ya kuua wadudu wa upele, nyumba nzima, hata Baba Baraka ambaye hawashwi popote, kwa sababu akiachwa mmoja tunaanza upya. Kuanzia shingoni hadi nyayoni, na chini ya kucha. Ya Neema tuliizimua na maji kama tulivyoelekezwa, lakini penye michubuko ilimchoma, akalia. Mashuka yote tulichemsha. Mwanasesere wake hafuliki, tukamfunga ndani ya mfuko wa plastiki siku tatu, maana nje ya mwili wadudu hawamalizi siku nyingi. Neema alikuwa anakuja kila asubuhi kuuliza kama anapumua humo.

Chumbani tulibaki mimi na Zawadi na kanga zetu. Nikamwambia, "Nilikukosea. Hukuleta kitu. Sisi ndio tumekuambukiza."

"Nilijua, mama."

Sikuwa na la kuongeza. Baada ya muda akasema, "Ulivyoniuliza nilidhani unanirudisha Singida. Nguo nilishazipanga kwenye begi." Kisha akachukua chupa. "Geuka, mgongoni hujafika." Akanipaka mabegani mpaka kiunoni, polepole, haruki mahali, nami nikampaka wake. Nilipofika juu ya kiuno, pale alipokuwa anajikuna siku ile, niliona makovu ya kucha.

Usiku ule Neema alilala mpaka alfajiri. Tumeambiwa muwasho unaweza kuendelea hata wiki 2 hadi 4 wadudu wakiwa wamekufa, kwa hiyo tusirudie dawa kwa hofu. Leo nimemsikia Zawadi akiimba jikoni. Lakini nikifumba macho narudi bombani, na kinachoniuma zaidi si swali tena. Ni lile "usinibishie."

Baba amepiga simu jioni, anauliza mahindi tuliuza gunia shilingi ngapi. Nimemtajia. Aliniuliza hivyohivyo Jumapili, na jana asubuhi, na kila mara anashangaa bei kama anaisikia kwa mara ya kwanza. Baba huyu, aliyeshika vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika miaka 30. Mama hajaniambia lolote, na mimi bado sijamuuliza.