Kizunguzungu kisichozunguka

Leo nimepita maduka ya vitenge Kariakoo mwanzo mpaka mwisho bila kushika ukuta wala mkono wa mtu. Naandika kabla sijalala maana mwezi wa tatu pale pale nilichuchumaa katikati ya watu nimefumba macho, machozi yananitoka.

Watu ukiwaambia kizunguzungu wanajua nyumba inazunguka. Siku ya kwanza ndo ilikuwa hivyo kweli, nimejigeuza kitandani alfajiri dari ikaanza kukimbia, nikatapika, nikajua nakufa. Daktari akasema kuna vijiwe vidogo vya chokaa sikioni vimetoka mahali pake, akanilaza akanigeuza kichwa huku na huku na kule kuzunguka kukaisha wiki ile ile. Kilichobaki ndo sikuwa na jina lake. Yani kutwa nzima kama nimesimama kwenye pantoni ya Kigamboni siku ya mawimbi, nikilala kinatulia nikisimama kimerudi, nikiingia supamaketi zile taa na rafu ndefu za chupa kinapanda, hata kuperuzi simu haraka haraka shida.

Nikapima kila kitu. Presha 118 kwa 76, damu ipo, sukari iko sawa, malaria hamna. Mama anasema mwanangu huli, shangazi kaniuliza kwa chini chini kama nina mimba, na hospitali moja nikaambiwa huna kitu dada, ni mawazo tu. Hiyo "tu" nililia nayo kwenye daladala mpaka Ubungo.

Aliyenisaidia ni daktari wa masikio aliyekaa akanisikiliza. Akaniambia inaitwa PPPD (kwa Kiingereza persistent postural-perceptual dizziness), yani kizunguzungu kisichoisha kinachozidi ukisimama au ukitazama vitu vingi, vigezo vyake vilitolewa 2017 na Jumuiya ya Bárány, wataalamu wa mambo ya kizunguzungu, na lazima iwe imekaa miezi 3 au zaidi. Akanieleza kwamba ubongo unajua umesimamaje kwa kusikiliza macho, sikio la ndani, na miguu na misuli. Sasa sikio likishautisha mara moja unaacha kuliamini, unaegemea macho, ndo maana michoro ya vitenge na umati wa watu vinakuyumbisha. Hofu nayo inaingia hapo hapo, shingo inakaza, unatembea kama uko kwenye utelezi, kila hatua unaichunguza, na kadiri unavyoichunguza ndivyo unavyozidi kuyumba, ukiyumba unaogopa zaidi. Kwa hiyo wasiwasi upo, sikatai, ila ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, siyo kwamba najitungia.

Mazoezi nafanya jikoni. Nimebandika herufi A kwenye mlango wa friji, naikodolea macho huku nageuza kichwa kulia kushoto, na mwanzoni sekunde 10 tu nilikuwa naloa jasho na kichefuchefu juu. Sasa hivi nafika dakika nzima. Dawa ya wasiwasi niliikataa wiki mbili nzima kwa kuogopa watu watasemaje, mwisho nikameza, na nashukuru nilimeza.

Leo muuza kitenge kanikunjulia kimoja cha miduara miduara, nyekundu na bluu, karibu kabisa na uso. Kikacheza. Nikaregeza mabega nikaacha kicheze, nikamuuliza bei. Nimechukua pisi nzima, yadi 6, kiko hapa juu ya kiti na nikikitazama sana bado kinasogea kidogo.