Amplifaya ya baba mdogo: kabla hujaitoa matumbo

Mtwara, Jumapili jioni

Kwetu kila kitu kikuukuu kilichotoka Nachingwea huitwa cha Wazungu wa karanga, wale Waingereza wa mradi wa kulima karanga. Kitanda cha chuma, nyundo, hata pipa la maji. Kwa hiyo baba mdogo aliponikabidhi amplifaya yake ya valvu, zile chupa za kioo za kabla ya transista, nzito ya kukata mkono, akasema na hii ni yao. Nimekuwa nikiichunguza jioni nikitoka kazini, na leo nina hakika si yao. Valvu zenyewe ndizo zilizoniambia.

Kibao cha jina hakipo, hewa ya chumvi imeshakila. Zimebaki valvu sita, nazo maandishi yamefifia. Hapa panahitaji mkono mwepesi, maana wino ule juu ya kioo hutoka hata kwa kidole, na ukipitisha kitambaa chenye maji umefuta kitambulisho cha chombo. Mimi huipulizia pumzi valvu, kisha naigeuza ubavu dirishani mpaka herufi zijitokeze. Zilijitokeza: EL84 mbili, ECC83 mbili, EF86 moja na EZ81 moja.

Majina haya ya Ulaya yana mpangilio, na ukishaujua huna haja ya kibao. E ya mwanzo inasema uzi wa kupashia joto unatumia volti 6.3. Herufi inayofuata ndiyo kazi yenyewe: Z hugeuza umeme wa AC (unaobadili mwelekeo) kuwa DC (wa mwelekeo mmoja), F ni pentodi, valvu ya elektrodi tano, ya kukuza sauti ndogo, C ni triodi, ya elektrodi tatu (CC ni triodi mbili ndani ya chupa moja), L ni ile yenye nguvu ya kuendesha spika. Tarakimu ya 8 inataja kitako, pini tisa nyembamba zinazotoka kwenye kioo chenyewe. Basi picha ikawa wazi. EF86 iko upande wa maiki kwa sababu haina mvumo mwingi, na EL84 mbili zinafanya kazi kwa kupokezana, moja ikisukuma mwenzake akivuta. Jozi hiyo hutoa wati 10 hadi 15 hivi.

Sasa hesabu ya miaka. Mradi wa karanga ulianza 1947, na serikali ya Uingereza ikaufuta 1951. EL84 ilitoka 1953. Nilipomweleza baba mdogo alikaa kimya, akaishika ile chupa moja, akaiangalia.

"Basi ilikuja baadaye, mwanangu. Lakini mimi niliikuta hukohuko Nachingwea."

Hilo simbishii. Nyuma kuna swichi ya kuchagulia volti, 200 hadi 250, na matundu ya spika ya omu 7.5 na 15, na omu 15 ilikuwa desturi ya Waingereza. Kuna pia tundu lililoandikwa 100V, na hilo ndilo linaloonyesha iliundwa kwa kazi gani: mikutano ya hadhara. Ukivuta waya mrefu kwenda kwenye spika ya omu chache, mkondo unakuwa mkubwa na nguvu nyingi inaishia kwenye waya. Ukipandisha volti, mkondo unapungua na sauti inafika mbali, kisha kila spika inakuwa na kitransfoma chake cha kuishushia. TANESCO wanasafirisha umeme kwa kanuni hiyohiyo. Baba mdogo anakumbuka waya ukifungwa kutoka mkorosho hadi mkorosho, spika zikitazama kila upande wa uwanja.

Fundi mmoja kijana hapa mjini alinishauri niitoe matumbo yote niweke bodi ya Bluetooth, nibaki na boksi la kupendeza. Alisema kwa nia njema, na bodi ile ingepiga kelele kubwa kuliko hii. Lakini ushauri huo unaniuma, kwa sababu nimeona wapi matumbo yanakoishia. Yanakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, shaba inapimwa kwa kilo.

Watu wakiona amplifaya ya namna hii wanatazama vioo. Valvu ikifa, wanasema chombo kimekufa. Mimi nasema tazama transfoma. EL84 na ECC83 bado zinatengenezwa mpaka leo, Slovakia, Urusi na China, kwa sababu wapiga gitaa wengi duniani hawajaziacha. Utaagiza, zitakuja. Lakini transfoma ya kutolea sauti, yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele, ikishapigwa kutu ya kijani ndani, nani atakusukia nyingine? Ndiyo maana niliipima hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Nusu zote mbili za upande wa valvu zilisoma karibu sawa, omu mia na kitu kila moja, na hakuna mahali pameshika na chuma cha bodi. Nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aje aone namba kwenye mita.

Baada ya hapo ni kazi ya subira, na ya hatari. Ndani mna volti 300 na zaidi za DC, na kapasita zinaweza kuzihifadhi hata plagi ikiwa imechomolewa. Kila ninapofungua nazimaliza kwanza kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, yenye nyaya zilizofunikwa, halafu napima kuhakikisha ni sifuri. Ndipo mkono unaingia. Waya wa umeme ulikuwa wa nyuzi mbili, nimeweka wa nyuzi tatu wenye ethi iliyofungwa imara kwenye chuma.

Kapasita za karatasi nimezitoa zote, sikuzipa nafasi ya kujitetea. Zikianza kuvuja hupitisha DC kwenye gridi ya EL84, ile sehemu inayodhibiti mkondo ndani ya valvu, na valvu inakuwa nyekundu kama kaa mpaka inaungua, wakati mwingine na transfoma pamoja. Za poliesta nilizipata kwenye TV za chogo zilizotupwa. Kapasita kubwa za umeme zimekuja na basi kutoka Kariakoo, volti 450, maikrofaradi 47, kwa kuwa EZ81 haitaki zaidi ya 50 mbele yake. Kuiwasha nimeiwasha kupitia balbu ya waya ya wati 100 iliyounganishwa mfululizo. Kama kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kuubeba mzigo. Ya kwangu ilimulika kidogo ikafifia.

Kazi yake mpya ni ndogo kuliko ya zamani: kupiga muziki wa kwenye simu pale barazani. Chaneli za simu, kushoto na kulia, nimeziunganisha kwa rezista mbili za kilo-omu 10 na kuziingiza kwenye tundu la gramafoni. Spika ya omu 8 iko kwenye tundu la 7.5. Unawasha, unasubiri zipate joto, ndipo sauti inakuja, na sauti za waimbaji wa taarabu zinatoka nene, zina mwili.

Maiki bado haifanyi kazi. EF86 yake, doa la fedha lililo ndani ya kioo limegeuka jeupe, hewa imeingia. Baba mdogo anataka ifufuke kabla ya maulidi, kwa hiyo nimeshaagiza nyingine. Tundu la 100V nimeliacha kama lilivyo. Na nyuma, kwa rangi nyekundu, nimewaandikia watoto: SPIKA ISICHOMOLEWE IKIWA INAWAKA, kwani ikifanya kazi bila mzigo volti zinaruka juu na transfoma inachomeka.