Taa nyekundu saa sita usiku: LED kwa krisanthemamu

Huku ikweta jua si tatizo. Tatizo ni usiku. Naivasha mchana huwa wa saa 12 na dakika chache tu, Januari hadi Desemba, na krisanthemamu, ua la kukatwa, ikikaa gizani usiku mzima huanza kutoa matumba shina likiwa bado la shubiri moja. Nani atanunua ua la shubiri? Kwa hiyo taa za kivungulioni hazipo ili kulisha mmea. Kazi yake ni kuukata usiku vipande viwili, mmea udhani mchana ni mrefu.

Washa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku. Si lazima ziwake mfululizo: dakika 10 kuwaka, 20 kuzima. Ukigawa kivungulio sehemu tatu zikapokezana, stima unayovuta kwa wakati mmoja ni theluthi tu, hata jenereta ndogo itamudu. Endelea hivyo wiki tatu hadi nne baada ya kupanda, kisha zima kabisa. Usiku wa kawaida utaleta maua wenyewe. Mimea mama ya kukatwa vipandikizi iwekewe taa kila usiku, bila kuruka.

Rangi ndiyo ya kuangalia kabla ya wati. Krisanthemamu huitikia nyekundu ya nanomita 660 (nanomita ndicho kipimo cha rangi ya mwanga), na wingi wa mwanga wa maikromoli 2 kwa mita mraba kwa sekunde unatosha. Pima usawa wa ncha za mimea, katikati ya balbu mbili, maana hapo ndipo penye giza zaidi. Usipime kwa kipima-lux: kimetengenezwa kwa jicho la mtu, nalo huiona nyekundu hiyo kwa shida, hivyo kitakuonyesha namba ndogo ukaongeza taa bure. Tafuta kipimo cha PAR, yaani cha mwanga ambao mmea huutumia.

Jipsofila, ua dogo la kujazia mashada, ni kinyume chake. Hiyo huhitaji mchana mrefu ndipo ichanue, na nyekundu peke yake huivuta polepole. Inataka pia nyekundu ya mbali, ile inayokaribia kutoonekana kwa jicho, nanomita 730. Balbu za zamani za waya zilitoa zote mbili. Mkulima akizing'oa na kufunga LED za krisanthemamu, jipsofila huchelewa, naye hulaumu mbolea.

Hitilafu zenyewe ni ndogo na za gharama. Taima ya kuzungusha kwa mkono husimama stima ikipotea. Ikikatika kwa muda wa saa tano, kesho taa zitawaka saa 9 usiku, na giza la kabla ya hapo litabaki refu mno. Nunua ya kidijitali yenye betri. Balbu moja ikiungua, mimea iliyo chini yake hutoa matumba huku jirani zake wakiendelea kurefuka, ukaona shimo la duara katikati ya kitanda. Pita na tochi mfukoni, imezimwa, mara moja kila wiki taa zikiwa zimewaka, uhesabu. Na taa ya mlinzi pale langoni? Igeuze itazame nje, la sivyo safu za karibu hazitachanua pamoja na zingine.