Gauni la Mary Phillips

Kumbukumbu za kesi za mahakama ya Old Bailey, London, zimo kwenye intaneti na mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Leo nimerudi kuisoma kesi ya Mary Wade, na naandika usiku huu huu kabla hasira haijapoa.

Kesi ilisikilizwa tarehe 14 Januari 1789. Mary alikuwa na miaka kama 11. Mwenzake, Jane Whiting, alikuwa na miaka 14. Walishitakiwa kwamba walimkuta mtoto wa miaka 8, Mary Phillips, ametoka na chupa kwenda kuchota maji, wakamvua nguo. Walimchukulia gauni la pamba, kitambaa cha mabegani na kofia ya kitani. Gauni lilikadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 3, hivyo vingine ni vya peni chache tu. Gauni likaishia kwenye duka la rehani, na kile kitambaa kikakutwa katika chumba alichokuwa akiishi Mary.

Sitamfanya Mary malaika. Shahidi mmoja aliieleza mahakama kwamba Mary alisema alitamani angemtupa yule mtoto chooni. Maneno hayo yananitisha kila ninapoyasoma. Lakini aliyeyasema ni mtoto aliyekuwa akishinda barabarani akifagia na kuomba ili apate chochote cha kutia tumboni. Huyo aliyevuliwa nguo alikuwa mtoto, huyo aliyemvua alikuwa mtoto, na wote wawili walikuwa watoto wa maskini katika mji uliokuwa na mali kuliko karibu miji yote ya dunia wakati ule.

Hukumu: kunyongwa. Wote wawili, Mary na Jane. Zama hizo sheria za Uingereza zilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ni kifo, na unyang'anyi wa njiani ulikuwa mmojawapo. Thamani ya kilichoporwa haikuulizwa. Basi wakarudishwa gereza la Newgate kusubiri kitanzi.

Kilichowaokoa ni ugonjwa wa mtu mwingine. Mfalme George wa Tatu alikuwa amepatwa na maradhi ya akili, na Machi 1789 ikatangazwa kwamba amepona. London ikawashwa taa, watu wakasherehekea, na katika furaha hiyo wanawake waliokuwa wakingoja kunyongwa wakapewa msamaha wenye sharti: wapelekwe ng'ambo, New South Wales, koloni jipya la Uingereza huko Australia. Mary akapewa uhamisho wa maisha. Nimekaa nikijiuliza ingekuwaje kama mfalme angechelewa kupona.

Uingereza ilishazoea kuwatupa wafungwa wake mbali. Kabla ya Wamarekani kupigania uhuru wao, watu wapatao 50,000 walipelekwa Amerika. Mlango huo ulipofungwa, magereza yakafurika, ndipo ikachaguliwa Australia. Kuanzia 1788 mpaka 1868 walipelekwa wafungwa kama 162,000, na kati yao wanawake ni takriban 25,000. Wengi wa wanawake hao makosa yao ni wizi wa kawaida kabisa: nguo, vitambaa, vyombo vya nyumba ya tajiri waliyokuwa wakiitumikia. Kamba hukatikia pabovu.

Merikebu ya Mary iliitwa Lady Juliana. Ilikuwa na wafungwa wanawake zaidi ya 220, ikang'oa nanga Plymouth Julai 1789. Ikapita Tenerife, visiwa vya Cape Verde, ikakaa sana Rio de Janeiro, ikavuka tena bahari hadi Rasi ya Tumaini Jema, kisha ikaelekea mashariki. Miezi kama 10. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mabaharia walijichukulia wanawake wa kuishi nao safarini, na watoto walizaliwa humo humo baharini. Msichana wa miaka 11 kwetu yuko darasa la tano, bado anaruka kamba na kuimba na wenzake. Mary alifikisha miaka 12 katika merikebu hiyo. Na serikali iliyoshindwa kumpatia kipande cha mkate alipokuwa akiomba mtaani, iliweza kupata merikebu, nahodha, na chakula cha karibu mwaka mzima ili imwondoe machoni.

Walifika Sydney tarehe 3 Juni 1790. Koloni lilikuwa linakufa njaa. Meli yake ya kutegemewa, Sirius, ilikuwa imevunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk mwezi Machi, na kila siku watu walikodolea macho bahari wakisubiri chakula. David Collins, ofisa wa sheria wa koloni, aliandika akilalamika kwamba wameletewa shehena ya wanawake wasio na faida badala ya shehena ya chakula. Shehena!

Hawakumweka sana Sydney. Agosti akahamishiwa Norfolk, na akiwa bado kijana mdogo akazaa mtoto wake wa kwanza, Sarah, mwaka 1793. Baba wa watoto wake wa mwanzo alikwenda kuvua nyangumi mwaka 1806, hakurudi. Mary akaishi na Jonathan Brooker, naye mfungwa, wakafunga ndoa 1817, wakalima karibu na Campbelltown. Moto wa nyika wa 1823 uliwaunguzia karibu kila kitu, wakamwandikia gavana kuomba msaada. Kwa jumla alizaa watoto 21. Alifariki mwaka 1859 huko Illawarra, akiwa bibi wa miaka zaidi ya 80, na inasemwa kwamba wazao wake waliokuwa hai siku hiyo walizidi 300. Kevin Rudd, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia, ni wa ukoo huo.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi hutabasamu. Mimi nakataa. Naelewa kwa nini wajukuu wanampenda na kujivunia uzao wake, nami ningempenda angekuwa bibi yangu. Ila idadi ya wazao haiwezi kuwa jibu la kwa nini mtoto alihukumiwa kunyongwa. Tena mashamba yale ya Campbelltown yalikuwa nchi ya Wadharawal, wenyeji wa asili wa huko, na Aprili 1816, Appin, si mbali na hapo, askari wa Gavana Macquarie waliwaua watu wao wasiopungua 14, wanawake na watoto wakiwamo. Kwa hiyo aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya gauni akaishia kupewa ardhi ya waliokuwa wakifukuzwa kwao. Yeye hakulipanga hilo, lakini siwezi kuisimulia habari yake nikaliruka.

Kesho nikijaliwa nitaanza kesi ya Esther Abrahams, binti aliyeiba lasi nyeusi ya hariri akahukumiwa miaka 7. Alijifungua Newgate, akapandishwa merikebu ya Lady Penrhyn na kichanga chake Rosanna. Esther baadaye aliolewa na ofisa aliyewahi kushika utawala wa koloni. Nitaanzia kwa mtoto.