Siku moja na magugu ninayoyalea

Saa 11:30 alfajiri niko kituoni Igoma, Mwanza, nagombania daladala. Ya njiani mnayajua.

Saa 1 navaa gambuti na glavu. Nyuma ya kiwanda cha ngozi tuna matangi manne ya zege. Maji machafu hutulia kwanza yaache tope, ndipo yapite kwenye magugu maji. Ndiyo, yale yale yanayosumbua Ziwa Victoria. Shemeji yangu, mvuvi wa Kirumba, aliwahi kulala ziwani mtumbwi umenasa humo. Ananiita mkulima wa balaa.

Ninachokilea hasa ni mizizi. Chomoa gugu moja uone: ndevu ndefu, nyeusi zenye zambarau, laini kama manyoya ya kifaranga, zimekamata tope. Ngozi husindikwa kwa chumvi za kromiamu, aina ya metali, na kromiamu inayonaswa hubaki zaidi kwenye mizizi. Majani hupata kidogo tu. Ukichuma majani kama mchicha umefanya kazi bure.

Saa 3 nachota sampuli, natia matone ya asidi ya naitriki ili metali isinate kwenye kuta za chupa. Magugu ya tangi la pili yamekuwa manjano. Kumbe jana waliloweka ngozi zilizohifadhiwa kwa chumvi ya kawaida, wakaachia maji yote bila kutuambia. Gugu hili linavumilia uchafu wa kila namna, chumvi hapana. Nilinuna mpaka saa 5.

Halafu kuvuna. Gugu likioza majini, linarudisha lilichobeba.

Saa 8, baada ya ugali na dagaa, mama jirani yuko getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe viroba viwili tu, vya mbuzi."

"Haya hayaliki, mama."

"Mbona ya ziwani wanakula?"

"Ya ziwani hayajanywa maji ya ngozi." (Ingawa yale ya mdomoni mwa Mto Mirongo nisingempa mbuzi wangu.)

"Basi ya mbolea."

"Mchicha nao unafyonza, mama."

Aliondoka akiniona mchoyo.

Saa 10 nageuza yaliyoanikwa kwenye sakafu yenye paa. Zaidi ya asilimia 90 ya gugu ni maji, hivyo kilo kumi mbichi hazifikishi kilo moja kavu. Hatuchomi ovyo, kwa kuwa kromiamu haiungui, inahamia kwenye jivu. Tunafunga virobani tukisubiri dampo la taka hatarishi.

Saa 11 jioni nahesabu stoo: viroba 41. Wiki iliyopita vilikuwa 43, na hakuna gari lililokuja kuchukua. Leo nimeweka kufuli mbili, na kesho nitapitia bustani ya yule mama.