Nilivyojifunza kupanga mchemraba wa Rubik nikiwa nimefungwa macho

Watu wakimwona mtu amefungwa kitambaa machoni huku vidole vinazungusha mchemraba, hudhani anaziona rangi zote kichwani. Haoni chochote. Anachobeba ni herufi kama 20 tu. Kazi iko kwenye kuzipata, kuzihifadhi, halafu kuzitoa kwa mpangilio bila kuruka hata moja.

Nilianzia kwenye njia ya Stefan Pochmann, Mjerumani, ile ambayo wapangaji huiita Old Pochmann. Ni ya polepole, ila kwa anayeanza sijaona nyingine iliyo rahisi kuielewa. Mchemraba una kona 8 na kingo 12. Vipande 6 vya katikati ya nyuso havihami. Unachagua kona moja na ukingo mmoja viwe bafa, yaani kituo ambacho kila kipande hupitia kabla ya kwenda kwao. Unauliza: aliyekaa kwenye bafa, kwao ni wapi? Huko kwao kakaa nani? Na huyo naye kwao wapi? Unafuata hivyohivyo mpaka umkute mwenye bafa yake. Ukimkuta na bado kuna waliopotea, unaanza mzunguko mpya kwa yeyote kati yao. Kila unapopita pana herufi yake, na hizo ndizo unazokariri.

Baada ya hapo ni kurudisha kipande kimoja kimoja kwa fomula ileile, yaani mfuatano wa mizunguko uliokwisha kukaririwa. Kwa kingo natumia fomula ya T, ambayo hubadilishana ukingo wa juu kulia, ndiyo bafa yangu, na ule wa juu kushoto. Tuseme herufi ni L, stika ya uso wa mbele upande wa kushoto. Nageuza uso wa kushoto robo mzunguko ili kipande kile cha mbele kije juu kushoto, napiga T, kisha naurudisha uso wa kushoto ulikokuwa. Basi, L imekwisha. Vidole vikishazoea, hutafikiri tena.

Ugumu ulikuwa kwenye kukariri. Mfumo wa herufi unaotumika sana, Speffz, una A hadi X kwa sababu kingo zina stika 24 na kona nazo 24. Wenzetu wana orodha ndefu za maneno ya Kiingereza kwa kila jozi ya herufi. Nilijaribu kuzimeza, hazikukaa. Q na X sikuwa na la kuzifanyia kabisa. Ndipo nilipozihesabu herufi zetu: ukitoa Q na X, na C ukaiandika Ch, zinabaki 24 kamili. Nikabandika alfabeti yetu kwenye mchemraba. Hadi P hakuna kilichobadilika sana. Baada ya hapo R inakaa palipokuwa na Q, S palipokuwa na R, na kuendelea hadi Z.

Faida yake niliiona mara moja. Maneno yetu mengi huenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Kwa hiyo jozi ya konsonanti mbili naijazia irabu yoyote inayonipa kitu cha kushikika. Tuseme kingo zimenipa P, K, N, Z, Ch, T, D, R, H, L. Nasoma mbilimbili: paka, nazi, chatu, dirisha, halua. Paka anakuna nazi, chatu anachungulia dirishani anataka halua. Upuuzi mtupu, na upuuzi ndio unaokaa kichwani. Jozi zenye irabu mbili ndizo zenye taabu. Hizo nimezipa watu ninaowafahamu, kila jozi na mtu wake. B na M kwenye kingo hazitokei, maana ndizo stika za bafa. Hasara kidogo hapo, ukizingatia wingi wa maneno yetu yanayoanza na M.

Kona sizitungii hadithi. Nazisoma mwisho, nazigeuza kuwa sauti: B, I, K, O, T, J inakuwa "biko taja". Nalirudiarudia mdomoni, navuta kitambaa, na kona ndizo ninazozipanga kwanza kabla sauti haijapotea. Hadithi ya paka inaweza kusubiri, sauti haisubiri.

Kuna ukaguzi mmoja wa bure ambao wengi huupuuza. Herufi za kona zikiwa shufwa kwa idadi, za kingo lazima ziwe shufwa. Zikiwa witiri, zote witiri. Zikitofautiana, umesoma vibaya, usifunge macho. Zikiwa witiri zote, katikati ya kona na kingo unaongeza fomula ya pariti, ile ya kurekebisha hiyo witiri. Nusu ya michanganyiko huwa hivyo, kwa hiyo fomula hiyo si ya kujifunza baadaye.

Kwenye mashindano ya World Cube Association, chama cha dunia cha mchezo huu, saa huanza unapoanza kutazama, si unapofunga macho. Muda wa kukariri umo humohumo. Mwamuzi pia huweka kadi kati ya uso wako na mchemraba, usije ukachungulia puani. Mwaka 2024 Tommy Cherry wa Marekani alimaliza kwa sekunde 12.00, kukariri na kupanga. Mimi ni mtu wa dakika mbili na ushei, na sina haraka.

Kinachonivutia sasa ni kupanga michemraba kadhaa kwa mkupuo. Graham Siggins, naye Mmarekani, mwaka 2022 alipata 62 kati ya 65 ndani ya saa moja. Mimi naishia mitatu au minne, lakini hapo sauti na hadithi havitoshi tena, zinahitajika sehemu za kuweka vitu kichwani. Kwa aliyekulia Ngamiani, Tanga, sehemu zipo tayari na zimekwisha kupewa namba: mchemraba wa kwanza nauweka Barabara ya 12, wa pili ya 13, wa tatu ya 14, na paka wangu anakunia nazi kwenye baraza ninayoifahamu. Nikishavuta kitambaa naanza na mchemraba niliousoma mwisho, ambao kona zake bado ziko mdomoni, halafu narudi Barabara ya 12 na kuendelea kwa zamu.